UZI: Diski imeganda, inagonga au haionekani. Namna ya kuokoa data nyumbani bila kuimaliza

#1 Sahani5400

Wakuu, swali la "diski yangu ya nje haisomi, nifanyeje?" limejibiwa humu vipande vipande, na majibu mengi yanaanzia katikati. Nafungua uzi huu ili mambo yakae mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Wenye ujuzi wa bodi na wa Linux mniongezee, na nikikosea mnikosoe hapa hapa, maana atakayesoma huenda picha za marehemu mama yake ziko ndani ya diski hiyo.

Kwanza lililo kubwa. Diski inayoanza kufa haina muda wa kuchezewa. Vichwa vya kusomea vinapaa juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na sahani ya diski nyingi za nje inazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Kichwa kikiharibika na kugusa sahani, kinakwangua utando wa sumaku. Palipokwanguliwa hapana programu wala fundi wa kuparudisha. Kwa hiyo usiwaze kuitengeneza diski. Kazi yako ni kutoa nakala ya kila sekta (kipande kidogo cha data kwenye sahani) inayosomeka kwenda kwenye diski nzima, kisha kuhangaika na nakala. Ile mbovu inarudi kwenye droo.

Kabla ya programu yoyote, tumia sikio. Iweke diski mezani, bapa, si juu ya godoro, iwashe mara moja tu na usikilize sekunde 20.

Ikizunguka kwa mvumo laini na kompyuta ikaiona kwa jina lake na ukubwa wake kamili, lakini mafaili yanaganda au Windows inakwambia uiformati, una bahati. Hiyo ni ya kufanyia nyumbani.

Ikigonga tak… tak… tak kwa mapigo yaliyo sawa, mara kadhaa, kisha mota ikazima, vichwa haviwezi kusoma alama za mwongozo zilizo kwenye sahani. Chomoa. Mlio kama wa kukwangua au kusaga, chomoa hata kabla hujamaliza kusoma sentensi hii.

Ikilia bii… bii… hafifu bila kuzunguka, mota inajaribu na inashindwa. Vichwa vimenasa juu ya sahani, au fani ya mota imekwama. Ila kwa diski ndogo za nchi 2.5 mlio huo huo hutokea umeme ukiwa haba: tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, wakati diski ikianza kuzunguka inaweza kuhitaji karibu ampia nzima. Basi badilisha kebo, tumia tundu la nyuma la kompyuta ya mezani na si kitovu cha USB (hub), ujaribu mara moja tena. Mara moja, si kumi.

Ikiwa kimya kabisa, haitetemeki hata ukiishika, shuku umeme na bodi, ile saketi iliyofungwa chini ya diski.

Na ikizunguka vizuri lakini ikajitambulisha kwa ukubwa wa 0, au kwa jina lisilo lake, programu ndogo inayoiendesha kutoka ndani imeshindwa kupanda. Hiyo nayo si ya ddrescue, programu ya kunakili itakayoelezwa chini.

Mfano nitakaoutumia ni ST1000LM035 ya Seagate: nchi 2.5, TB 1, unene wa milimita 7. Imejaa kwenye laptopu za bei ya kati na ndani ya maboksi ya nje, kwa hiyo wengi mtakutana nayo.

#2 BiSekta

Asante sana kwa kuufungua, mkuu. Naongeza la kufanya kabla ya kunakili: kuisoma SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, bila kuigusa data. Kwenye Linux (sdb hapa ni jina ambalo Linux imeipa diski hiyo):

`sudo smartctl -a /dev/sdb`

Ikiwa ndani ya boksi la USB na haijibu, weka `-d sat` kabla ya jina la diski. Angalieni mistari minne, safu ya mwisho kulia. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. 197 ni sekta zinazosubiri, yaani diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa. 198 ni zilizoshindikana kwenye ukaguzi wake yenyewe. 199 ni makosa ya njiani kati ya diski na kompyuta.

Huo wa 199 husahaulika. Kama 5, 197 na 198 ni sifuri na 199 inapanda kila ukinakili, diski ni nzima. Kebo ya SATA (ile ya kuunganisha diski ndani ya kompyuta) au boksi la USB ndilo bovu, na kebo mpya ni bei nafuu. Lakini 197 ikiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri na data ni ya thamani, acheni kufungua mafolda kuangalia "nini kipo". Nakilini.

Msiendeshe jaribio refu la SMART kwenye diski ya namna hiyo. Linaisomesha yote tangu mwanzo na hamtoki na hata faili moja.

Na chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, iacheni kabisa. Kazi yake ni kuunyoosha mfumo wa mafaili ukubalike, hata kwa kutupa visivyosomeka. Ikikuta kipande cha jedwali la NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) hakisomeki, inafuta rekodi zake, na mafaili yaliyokuwa na majina yanageuka FILE0000.CHK ndani ya folda FOUND.000. Tena inaandika kwenye diski ambayo kuandika ndiko kunakoimaliza.

#3 chipukizi_IT

Wakuu shikamooni. Kuna ushauri wa kuweka diski kwenye friza usiku kucha, au kuigonga ubavuni iachie. Una ukweli wowote?

#4 Sahani5400

Marahaba. Friza hapana. Ukiitoa, hewa yetu ya Dar au Mombasa inafanya matone juu ya chuma baridi, na diski ya kawaida ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio. Unyevu unaingia mpaka kwenye sahani, na kichwa kinachopaa nanomita chache kinakutana na tone. Ushauri huo ulianza enzi za diski zenye ustahimilivu kuliko hizi.

Kugonga pia hapana. Vichwa vikiwa vimenasa, pigo linaweza kuving'oa kwenye mikono yake, na kazi ambayo ingekuwa ya kuvirudisha tu mahali pake inageuka ya kubadilisha vichwa vyote.

#5 Mzee_wa_Terminali

Nachukua sehemu ya kunakili.

Vinavyohitajika: kompyuta ya kuwashia Linux kutoka kwenye flashi (SystemRescue inakuja na kila kitu, Ubuntu itabidi uongeze), diski nzima yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu, na umeme usiokatika. Kwa TB 1 chukua TB 2, kwa sababu baadaye utahitaji pa kutolea mafaili pia. Laptopu yenye betri nzuri inafaa kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Diski unayohifadhia isiwe FAT32, maana haipokei faili linalozidi GB 4, na picha ya diski, yaani nakala yake yote, ni faili moja la TB 1. Tumia ext4 au NTFS.

Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi kinaitwa gddrescue, ila amri ni ddrescue. Kipo kingine, dd_rescue, chenye mstari wa chini katikati. Hicho ni chombo tofauti na chaguo zake hazilingani na hizi, msije mkavichanganya.

Zuia kwanza mfumo usiipandishe diski (kuifungua ili itumike) wenyewe ukiichomeka:

`gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false`

Chomeka diski mbovu, kisha:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Linganisha namba ya utambulisho (SERIAL) na ile iliyobandikwa kwenye diski. Ukikosea hapa ukageuza chanzo kuwa pa kuandikia, umefuta kila kitu kwa mkono wako. Mimi nashauri msitumie sdb wala sdc, kwa sababu herufi hubadilika diski ikikatika na kurudi. Tumieni njia ndefu iliyo chini ya `/dev/disk/by-id/`, yenye modeli na namba ya utambulisho ndani yake. Hapa chini naandika sdb ili mstari uwe mfupi tu.

Duru ya kwanza:

`sudo ddrescue -d -n -b 4096 /dev/sdb /media/akiba/diski.img /media/akiba/diski.map`

`-d` inasoma moja kwa moja bila kupitia hifadhi ya kati ya Linux. `-n` inaiambia isikwaruze sehemu mbaya, yaani isizichokonoe sekta moja moja, kwa sasa. `-b 4096` ni kwa sababu diski hizi kwa ndani zina sekta za baiti 4,096 ingawa kwa nje zinajionyesha kuwa na 512. Lile faili la mwisho, diski.map, ndiyo roho ya kazi yote. Linaandika kipi kimesomwa, kipi kimerukwa, kipi kimeshindikana. Umeme ukikatika unarudia amri ile ile na inaendelea ilipoachia. Bila ramani unaanza upya, na diski inalipa gharama mara mbili.

Ndani ya ramani mtaona alama tano: + imesomwa, ? haijajaribiwa, * na / zimeshindwa lakini hazijamalizwa kuchunguzwa, - sekta imegoma. Programu ya ddrescueview inaichora ramani hiyo kwa rangi, na picha yake inasema mengi. Madoa yaliyotapakaa ovyo ni sekta zilizochakaa. Michirizi inayojirudia kwa umbali unaokaribiana, mwanzo hadi mwisho, ina maana nyingine: kichwa kimoja kati ya viwili au vinne kimedhoofika, na kila zamu yake ya kusoma ikifika panatokea pengo. Ukiona michirizi, simama ufikirie thamani ya data kabla ya kuendelea. Kinachoharibika ni kichwa chenyewe, na kukilazimisha ndiko kunakoleta mikwaruzo.

Duru ya kwanza ikiisha, ya pili:

`sudo ddrescue -d -b 4096 -r3 /dev/sdb /media/akiba/diski.img /media/akiba/diski.map`

Hii inakwaruza sehemu mbaya na kurudia mara 3. Kurudia mara 50 hakufai kitu. Bora ujaribu tena na `-R`, inayosoma kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Kuhusu muda: TB 1 kwa MB 100 kila sekunde ni saa 2 na dakika 47. Kwa tundu la USB 2.0, kwenye MB 30, ni saa 9 na ushee. Diski ikishuka hadi MB 1 kwa sekunde ni siku 11 na nusu, na hapo swali linakuwa kama itaishi siku 11.

#6 Nuru_ya_Pwani

Mzee, hapo kwenye kasi ndipo watu wengi hukwama. Unafuata hatua zote, inafika GB 400, inashuka hadi KB 60 kwa sekunde, kisha diski inapotea kwenye lsblk na ddrescue inaanza kuhesabu makosa kwa maelfu. Ramani imechafuka. Kuna dawa?

#7 Mzee_wa_Terminali

Ipo. Kilichotokea ni hiki. Diski ikikuta sekta mbaya inang'ang'ana nayo kimya kimya, na diski za nyumbani zinaweza kung'ang'ana muda mrefu. Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 30 tu, kisha inaukata mstari na kuanza upya. Diski iliyokatizwa katikati ya kazi yake mara nyingi inakwama kabisa. Ongeza subira:

`echo 180 | sudo tee /sys/block/sdb/device/timeout`

Zima pia tabia ya diski kusoma mbele ya ilichoombwa, maana ndiyo inayoipeleka kwenye sekta mbaya ambazo hukuziomba:

`sudo hdparm -A0 /dev/sdb`

Vyote viwili vinarudi hali ya awali diski ikizimwa, kwa hiyo virudie kila ukiichomeka. Fungua dirisha lingine lenye `sudo dmesg -w`. Ukiona neno UNC, sekta haisomeki. Ukiona ICRC, ni kebo.

Kwa ramani hiyo iliyochafuka: simamisha kwa Ctrl+C, chomoa diski, ipoe, chomeka tena, kisha uongeze `-A` kwenye amri ya duru ya kwanza, na zile sehemu zilizoachwa katikati zitahesabiwa kuwa hazijajaribiwa. Ongeza na `-a 1M` ili iruke palipo polepole na kuvuna kwanza sehemu nzima. Hilo ni la msingi kuliko linavyoonekana: vuna mabonde yenye mazao kabla ya kupanda mlima.

Jingine, itoeni diski kwenye boksi la USB mwiunge kwa SATA moja kwa moja, kama inawezekana. Chipu ya USB ikipata kosa mara nyingi inaganda yenyewe, na kwa maboksi mengine hdparm haiifikii diski kupitia humo. Feni ndogo ipulize diski muda wote. Mkiona joto limepita nyuzi 50, pumzisheni.

#8 Fundi_Kimya

Kabla mtu hajatoa diski kwenye boksi, asome hapa.

WD My Passport nyingi hazina SATA. Tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, na zaidi ya hapo bodi inasimba data yote hata kama mwenye diski hakuwahi kuweka nywila. Ufunguo unakaa upande wa bodi na diski yenyewe. Ukiibadilishia bodi ya SATA bila kushughulikia ufunguo unapata sekta zote, safi, na hakuna hata moja inayoeleweka. My Book za nchi 3.5 nyingi zina SATA ndani lakini chipu ya boksi ndiyo inayosimba. Hizo nakilini kupitia boksi lake hilo hilo, au mlitunze boksi hilo kama mboni ya jicho.

Hata boksi lisilosimba lina mtego. Baadhi ya maboksi ya diski zinazozidi TB 2 huzionyesha kwa sekta za 4,096. Ukiitoa diski na kuichomeka SATA, kompyuta inaiona kwa sekta za 512, jedwali la sehemu (partition) haliendani tena, na Windows inasema haijaanzishwa. Data ipo. Usikubali kuianzisha.

#9 Kipimaumeme

Bodi sasa.

Diski ya nje ya nchi 3.5 inakula volti 12, na chaja ya laptopu ya volti 19 inaingia kwenye tundu lile lile bila shida. Hiyo ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote kwa diski iliyokufa kimya. Umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo unafuata.

Watengenezaji waliliwazia hilo. Karibu na tundu la umeme kwenye bodi kuna diodi mbili nyeusi, nene kuliko vitu vya jirani: moja kwa njia ya volti 5, moja kwa ya volti 12. Diski ndogo ya nchi 2.5 ina ya volti 5 peke yake. Volti zikizidi diodi inajitoa mhanga kwa kugeuka kipande cha waya, inaunganisha umeme na ardhi, na chaja inajizima ili saketi ya nyuma ipone. Ndiyo maana ukiichomeka taa ya chaja inazima au inapepesa.

Fungua skrubu za bodi, ni za Torx, andaa vichwa vya T5 hadi T8. Bodi mkononi, diski haina umeme, weka multimita kwenye ohm na uguse miguu miwili ya diodi. Ukisoma 0 hadi 1, imekufa. Nyingine nzima itakuonyesha namba kubwa zaidi, hivyo pima zote mbili ulinganishe. Iliyokufa ing'oe kwa koleo kali la kukatia, au kwa chuma cha kuchomelea, bila kung'oa njia ya shaba iliyo chini. Diski itawaka bila diodi hiyo. Haina ulinzi tena, kwa hiyo tumia chaja iliyo sahihi kabisa, nakili, basi.

Usipokuta diodi iliyokufa, pima rezista ndogo zilizoandikwa 0 au 000 zilizo karibu nazo. Nyingine zinatumika kama fyuzi. Isiyosoma sifuri imekatika.

Geuza bodi pia uangalie vipande vinavyogusana na mota na vichwa. Kwa watu wa Pwani chumvi ya hewani inaviacha vyeusi. Visugue taratibu kwa raba ya penseli, futa kwa spiriti ya isopropili, rudisha. Diski iliyokuwa inagonga kwa sababu ya mguso mbaya inaweza kuamka kwa hilo tu, na ni jambo lisiloharibu kitu.

#10 chipukizi_IT

Na kununua bodi nyingine inayofanana kwenye diski chakavu, kuihamishia?

#11 Kipimaumeme

Haitoshi tena siku hizi, mdogo wangu. Kila bodi ina chipu ya kumbukumbu yenye miguu 8, mara nyingi namba yake inaanza na 25, na ndani yake kuna vipimo vya vichwa vya diski ile ile, vilivyoandikwa kiwandani. Bodi ngeni ina vipimo vya vichwa vya diski nyingine. Matokeo ni kugonga, au diski kuzunguka bila kujitambulisha, na hapo umewapa vichwa vizima kazi ya kutafuta njia wasiyoijua.

Njia sahihi ni kulinganisha namba iliyochapwa kwenye bodi (za WD zinaanza na 2060, za Seagate na 100), si modeli ya kibandiko, kisha kuihamisha chipu hiyo kutoka bodi ya zamani kwenda mpya kwa hewa ya moto ya nyuzi 350 hivi. Kuna nukta kwenye pembe moja ya chipu: iangalie ilikoelekea kabla hujaigusa, ipige picha. Ukiipoteza chipu hiyo au ukaiunguza, umepoteza kitu ambacho hakiuzwi popote. Kama hujawahi kuhamisha chipu, jifunze kwenye bodi mbovu kumi, si kwenye hii. Na kama bodi haina chipu ya pembeni, vipimo viko ndani ya chipu kuu, na hiyo mpelekee mwenye vifaa.

#12 Sahani5400

Niweke onyo hapa kwa wanaotazama video. Kuna njia ya kuunganisha nyaya za TTL, za kuzungumza na diski kwa maandishi, kwenye pini za Seagate na kuandika amri. Ilikuwa tiba halali ya Barracuda 7200.11 zilizokuwa zikijifunga zenyewe miaka ya 2008 na 2009. Amri ile inayoanza na m0,2,2 inajenga upya jedwali linalosema sekta ipi iko wapi. Kwenye ST1000LM035 na ndugu zake, sahani zimeandikwa kwa njia zinazolaliana kama vigae, na jedwali lina sehemu ya pili inayohesabu data iliyopokelewa lakini haijapangwa. Ukiijenga upya kwa amri ile ya kale, diski inaamka vizuri, inaonekana TB 1, na sehemu kubwa ya ndani ni sifuri. Watu wanashangilia dakika tano. Msiifanye.

Kuhusu kufungua kifuniko: hapana, hata kwenye bafu lenye mvuke kama wanavyosema mitandaoni. Chembe ya vumbi ni kubwa mara mia na zaidi kuliko nafasi iliyo chini ya kichwa. Na kwenye diski nyingi skrubu moja ya kifuniko ndiyo inayoshikilia mhimili wa vichwa, hivyo kuilegeza tu kunavisogeza. Zilizojazwa heliamu zimechomelewa. Ukizifungua, gesi imeondoka.

#13 BiSekta

Tuseme sasa nakala ipo, ddrescue inasema 99.98%. Diski mbovu imezimwa na imewekwa. Tunafanya kazi kwenye picha.

`sudo losetup -rfP --show /media/akiba/diski.img`

Inakujibu jina, mfano /dev/loop0, na sehemu zake zinakuwa loop0p1, loop0p2 na kuendelea. Herufi r ni ya kusoma tu. Pandisha:

`sudo mount -o ro /dev/loop0p2 /mnt`

Ikikubali, nakili folda zako na umemaliza kwa sehemu kubwa. Ikikataa, usiitengeneze picha. Tumia programu ya DMDE, ambayo inalisoma jedwali la NTFS moja kwa moja na kuirudisha miti ya folda na majina. Toleo la bure linatoa hadi mafaili 4,000 kwa mara moja, kutoka kwenye folda moja iliyofunguliwa, na kwa picha za familia hilo mara nyingi linatosha ukienda folda kwa folda. Mwanzo wa jedwali la NTFS kwa kawaida uko GB 3 tangu mwanzo wa sehemu, klasta ya 786,432. Angalia kwenye ramani eneo hilo. Kama kuna doa hapo, rudisha ddrescue ipige tena eneo hilo peke yake kwa `-i` na `-s`, kwa sababu sekta kumi za jedwali zina thamani kuliko elfu kumi za katikati ya filamu.

Programu ya PhotoRec iwe ya mwisho. Inatafuta mafaili kwa sura ya mwanzo wake, kwa hiyo picha za JPEG inazitoa vizuri, lakini majina na folda zote zinapotea. Video ndefu zilizokatika vipande zinatoka zisizocheza. Wapiga video za harusi mnisikilize: faili la MP4 mara nyingi lina orodha yake mwishoni, na bila orodha hiyo hakuna kinachofunguka hata kama picha zote zimo. Programu ya Untrunc inaweza kuijenga orodha hiyo ukiipa faili jingine zima lililorekodiwa na kamera ile ile, kwa mpangilio ule ule.

#14 Nuru_ya_Pwani

Dada, na kama sehemu ina BitLocker, ule usimbaji wa Windows unaoifunga data kwa ufunguo? Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja nayo tayari imewashwa, mwenyewe hajui.

#15 BiSekta

Kunakili hakubadiliki hata kidogo, ddrescue haijali maana ya baiti. Ila ufunguo utafute kabla ya kuanza, usije ukatumia siku tatu bure. Ni tarakimu 48, na kwa laptopu zilizojisimba zenyewe kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeianzisha mashine. Akaunti hiyo inaweza kuwa ya aliyeiuza au ya kazini. Ukiupata:

`sudo cryptsetup open --type bitlk --readonly /dev/loop0p3 wazi`

Andika tarakimu zote pamoja na vistari vyake, kisha pandisha /dev/mapper/wazi kama sehemu ya kawaida. Ufunguo usipopatikana hakuna njia ya pembeni.

#16 Fundi_Kimya

SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu, tusizichanganye na hizi. Haina vichwa, haigongi, na ikifa mara nyingi inakufa kwa ghafla. Ikijitambulisha kwa jina SATAFIRM S11 badala ya jina lake, chipu yake kuu imejifungia na ddrescue haina cha kusoma. Na ukifuta faili kwenye SSD, Windows inaitumia amri ya TRIM, inayoiambia diski kuwa nafasi ya faili hilo haihitajiki tena, papo hapo na unaporudi unasoma sifuri. Wengi hawajui kwamba diski za vigae kama ST1000LM035 nazo nyingi zinapokea TRIM. Kwa hiyo ukifuta kwa bahati mbaya au ukaiformati haraka, chomoa umeme wakati huo huo. Data inaweza kuwa bado ipo kwenye sahani, lakini kuifikia kunahitaji vifaa kama PC-3000, si programu ya kupakua.

Ukimpelekea fundi diski inayogonga, muulize maswali mawili. Atanakili kwanza au atafanya kazi juu ya diski yenyewe? Na vichwa vya kubadilishia atavitoa wapi, atavilinganisha kwa nini zaidi ya modeli? Anayejibu "nitaifungua hapa kaunta niangalie", chukua diski yako uondoke.

#17 Mzee_wa_Terminali

La mwisho upande wangu, kwa waliobaki na 0.02% isiyosomeka. Msikae mkifungua picha elfu 20 moja moja kutafuta zilizoharibika. ddrescue inaweza kuzijaza sehemu mbovu neno lako, kisha ukalitafuta. Fanya kwenye nakala ya picha ya diski na nakala ya ramani, kwa sababu hii inaandika:

`printf "SEKTA-MBOVU " > alama.txt`

`ddrescue -f --fill-mode=- alama.txt nakala.img nakala.map`

Pandisha nakala.img kwa kusoma tu, halafu:

`grep -rlF "SEKTA-MBOVU" /mnt > walioumia.txt`

Orodha inayotoka ni mafaili yaliyoguswa na hitilafu. Jina lisilokuwemo, faili lake limetoka zima. Na kama hesabu ya sekta mbovu ni kubwa lakini orodha ni fupi, msishtuke: sehemu nyingi zilizogoma zilikuwa kwenye nafasi tupu.

#18 chipukizi_IT

Mzee, kwenye `--fill-mode=-` hicho kistari cha mwisho ni sehemu ya amri au ni kosa la kuandika?

#19 Mzee_wa_Terminali

Ni sehemu ya amri. Ni ile alama ya ramani inayomaanisha sekta iliyogoma. Kama ulisimama kabla ya duru ya pili kuisha, andika `--fill-mode='?*/-'` ili ijaze na zile ambazo hazijamalizwa. Usisahau alama za kunukuu, la sivyo terminali itaitafsiri nyota kivyake.

#20 Sahani5400

Nimeiweka hiyo kwenye faili langu la amri. Mwenye My Passport ya TB 4 aliyeniandikia pembeni: soma #8 kabla hujagusa skrubu, kisha weka hapa matokeo ya smartctl na namba iliyochapwa kwenye bodi, ufiche namba ya utambulisho.